Mjadala: Maneno ya mapenzi ya akili unde yakidariziwa kwenye kanga, kazi ni ya nani?

Mdarizi, Majengo: Hoja ni hii. Fundi anachukua maneno matamu aliyojibiwa na programu ya akili unde, anayadarizi kwa mkono kwenye batiki iliyopangwa kama kanga, kisha anaitundika kwenye maonyesho hapa Dodoma. Wengine wanasema amenakili tu. Mimi nasema kazi ni yake. Kanga ina kama sm 150 kwa 110, na jina, yaani maneno ya kanga, hukaa chini ya mji (sehemu ya katikati), juu ya pindo la ukingoni. Herufi za sm 3 pamoja na nafasi zake hazizidi 40 hapo. Programu inamwaga aya nzima. Nani anaamua libaki lipi?

Kizota: Kuchagua si kutunga, dada. Jina la kanga linachoma kwa sababu kuna anayelengwa: jirani, mke mwenza, mume. Programu haina jirani.

Fundi Batiki, Nkuhungu: Majina mangapi ya kanga tunawajua watunzi wake? Anayejifunga ndiye anayesema. Na kuifungulia mashine moyo si jambo la jana. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT, Marekani, alitangaza ELIZA, programu iliyogeuza tu maneno ya mtu kuwa maswali, na bado mhazili wake alimwomba atoke chumbani ili aongee nayo faragha.

Ugomvi wangu mimi ni ufundi. Watu wanageuza hatua. Batiki kwanza, darizi mwisho! Ukitanguliza darizi, nta ya kuzuia rangi inashika uzi, na ukichemsha kuitoa, uzi mwekundu unachuja. Fua bafta itoke wanga. Nta iwe ya moto kiasi cha kupenya mpaka upande wa pili. Ikiganda juu nyeupenyeupe, rangi itapita chini yake. Rangi iliyochanganywa na kemikali za kostiki soda na haidrosi iache ipoe, isije ikayeyusha nta. Uzi wa kudarizi una nyuzi 6: kwa herufi ndogo chambua 2, maana zote 6 zinaziba matundu ya "a" na "e".

Mdarizi, Majengo: Na usivute uzi sana. Ukitoa fremu, mstari mzima unakunjamana.

Kizota: Ya ufundi nimeyapokea. Ila kibandiko ukutani kiseme wazi kwamba maneno ni ya programu. Na kama kwenye mazungumzo na programu ametajwa mume au namba yake ya simu, hiyo ni taarifa binafsi, na sheria yake ipo tangu 2022. Ziondolewe kabla hujachora kwa penseli. Ukifumua baadaye, matundu ya sindano yanabaki yanasomeka mpaka kitambaa kifuliwe.