Mtoto akisaga meno usiku: ni minyoo, au ni jambo la ukoo?

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa utulivu, maana linagusa watoto wetu.

Wiki iliyopita mpwa wangu wa miaka sita alilala kwangu. Saa nane za usiku nikashtushwa na mlio kama wa mtu anayekwangua ukoko kwenye sufuria. Nikawasha taa. Mtoto kalala fofofo, taya linakwenda kushoto na kulia, msuli wa shavu umetuna kama amebana kokwa.

Asubuhi nikampigia dada yangu. "Ana minyoo huyo, kaka, nitamnunulia dawa." Nikamuuliza, si ulimpa mwezi uliopita? Akasema ndiyo, na kabla ya hapo pia.

Nikamkumbuka marehemu baba. Mama alikuwa akimgusa ubavuni usiku ili anyamaze. Mimi mwenyewe magego ya chini yamelika mpaka yamekuwa bapa. Daktari wa meno alinionyesha kwa kioo. Vizazi vitatu, nyumba tatu. Msimamo wangu ni huu: kwa sehemu kubwa kusaga meno kunatembea katika ukoo, na duka la dawa halipaswi kumuuzia mzazi dawa ya minyoo kwa sababu tu amesema "anasaga meno". Karibuni.

Mama Wawili: Mleta mada, mimi wanangu wote wawili niliwapa dawa na wakaacha. Bibi zetu hawakuwa wajinga. Na hata wakirithi, si wanakula chungu kimoja na kucheza uchafu mmoja? Utajuaje ni damu?

Mleta mada: Dada, swali lako ndilo lenyewe, na mapacha wanalijibu vizuri. Mwaka 1998 watafiti wa Finland walichapisha majibu ya jozi zaidi ya 3,700 za mapacha. Kawaida mapacha wa aina zote mbili, wa kufanana na wasiofanana, hulelewa nyumba moja na kula chungu kimoja. Kama chanzo kingekuwa chakula, uchafu au minyoo ya nyumba ile tu, wasiofanana wangelingana kwa kusaga meno sawasawa na wale wa kufanana. Haikuwa hivyo. Wa kufanana, ambao vinasaba vyao ni vilevile, walilingana zaidi. Kwa kusaga meno utotoni, walikadiria kuwa vinasaba vinaeleza asilimia 49 ya tofauti kati ya mtu na mtu kwa wanaume, na 64 kwa wanawake.

Kuhusu wanao kuacha, nakuamini. Ila watoto wengi huacha wenyewe kadiri wanavyokua. Ukimpa dawa wiki ambayo angeacha, dawa ndiyo itasifiwa. Dawa ya minyoo siipingi, na Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wapewe mara kwa mara kwenye maeneo yenye minyoo mingi. Wapewe kwa ajili ya minyoo.

Mjukuu wa Pangani: Sasa ukisema ni vinasaba, si unamwambia mzazi akae tu mikono kifuani?

Mleta mada: Hapana, ndugu yangu, na hapa naomba nisieleweke vibaya. Hakuna jeni moja la kusaga meno. Watafiti wa Japani mwaka 2012 waliihusisha jeni ya HTR2A, inayohusu serotonini, kemikali ya kupeleka taarifa kwenye ubongo, lakini hiyo ni sehemu ndogo tu ya habari. Kinachotokea usiku ni kwamba ubongo hugutuka kwa sekunde chache bila mtu kuamka, moyo unaenda mbio kidogo, kisha misuli ya taya inavuta. Pombe, sigara, kahawa nyingi, msongo, hata baadhi ya dawa za sonona, huongeza.

Kwa mtoto, mimi ningeanza na pua. Anakoroma? Analala mdomo wazi? Huenda ana nyama za puani zinazomsumbua usingizi, na hizo hazisikii dawa ya minyoo hata ukimpa kila mwezi. Kwa mtu mzima, ile kinga ya kuvaa mdomoni usiku haizuii kusaga, ila inaokoa meno. Yangu ningeivaa miaka kumi iliyopita, magego haya yasingefika hapa. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama baba alisaga.

Mama Wawili, hivi upande wa baba yao umeshauliza?