AEW kuanza TNT: je, lilikuwa jambo kubwa?

Swali (Kisauni): Assalamu aleikum, ndugu zangu. Hapa maskani tunabishana kuhusu usiku ambao AEW, kampuni ya mieleka ya Marekani, ilianza kurusha mieleka yake TNT, kituo cha runinga cha huko huko, tarehe 2 Oktoba 2019. Je, ulikuwa na uzito, au ni sifa za mashabiki tu?

Jibu (Likoni): Waaleikum salaam, kaka. Uzito ulikuwapo, tena mkubwa. TNT ndiyo iliyorusha mieleka ya WCW, kampuni ya mieleka ya zamani, tangu Septemba 1995 hadi Machi 2001, na tangu kampuni kubwa ya WWE iinunue WCW, kwa maoni yangu, hapakutokea mpinzani wake wa kweli katika runinga ya Marekani. Usiku ule watu takriban milioni 1.4 waliitazama AEW, ilhali NXT, kipindi cha mieleka cha WWE kilichokuwa hewani saa zile zile, kilipata watazamaji 891,000.

Jibu (Mji wa Kale): Naongezea pambano la Riho na Nyla Rose. Riho, Mjapani mwenye umbo dogo mno mbele ya mpinzani wake, alipigwa, akatupwa, akainuka, kisha akatwaa ukanda wa kwanza wa wanawake wa AEW. Huku kwetu ilikuwa usiku wa manane kuamkia Alhamisi, na kukesha kulistahili.