"Ada sifuri" mnakula wapi? Riali 60 zangu ziko hewani siku ya tisa, mama yuko Muheza anasubiri

Wadau, uzi ni mrefu na nina hasira, naomba mnivumilie. Wale wa "ungesoma vigezo na masharti" wapite tu. Nimevisoma, vyote kwa Kiingereza, saa sita usiku baada ya kuosha vyombo vya watu kumi na mmoja.

Niko Muscat, Oman, kazi za ndani, mwaka wa nne huu. Mshahara riali 90. Mama yuko Muheza, ana sukari na kidonda mguuni kimekataa kupona, akaambiwa apelekwe Bombo, hospitali ya mkoa kule Tanga. Alhamisi ya wiki iliyopita usiku nikatuma riali 60 kwa hizi programu za simu zinazojinadi "ada sifuri, hela inafika papo hapo". Zamani nilikuwa natuma kaunta, mtaa wa Ruwi hapa Muscat. Ila mapumziko yangu ni Ijumaa peke yake, na nusu ya Ijumaa yenyewe inaishia kwenye foleni na kutafuta usafiri. Nikasema na mimi niende na wakati.

Nikabonyeza. Ikaja tiki ya kijani, IMEKAMILIKA. Nikampigia mama, hela imefika? Bado mwanangu. Tukasema labda mtandao. Huku tuko mbele yao saa moja, nikakesha mpaka saa nane, kwao saa saba, bado. Asubuhi mdogo wangu akaangalia salio la mama: shilingi 1,350.

Nikawaandikia. Anayejibu ni roboti. "Mpendwa mteja, muamala wako umekamilika kwa upande wetu, tafadhali wasiliana na mtandao wa mpokeaji." Mdogo wangu akapiga mtandao wa mama, akasikilizishwa muziki mpaka simu ikapata moto, halafu dada wa watu akamwambia muamala huo hatuuoni, aliyetuma awasiliane na kampuni aliyotumia. Nikarudi kwa roboti. Roboti: mpendwa mteja, muamala wako umekamilika. Siku tatu nzima napigwa danadana, na simu yenyewe naishika usiku tu, mchana madam hataki kuiona.

Siku ya nne ndipo nikampata binadamu. Akaniambia jina la mpokeaji halilingani na jina la laini.

Hapa nikiri. Laini ya mama imesajiliwa kwa jina la mjomba. Mnakumbuka ule usajili wa alama za vidole, mwisho ukawa Januari 2020, laini zitazimwa, na watu wamelala kwenye foleni za NIDA, wale wa vitambulisho vya taifa? Mama hakuwa na kitambulisho. Mjomba akaweka dole lake, mama akapata laini, maisha yakaendelea. Nusu ya wazazi wetu vijijini wako hivyo. Mwenye kubisha akaangalie laini ya mama yake ina jina la nani.

Kwa hiyo nusu ya kosa ni yangu, nimekubali. Lakini mtu wa Tanga akimtumia mtu wa Mwanza, simu inamwonyesha kwanza jina la mpokeaji, KABLA hajaweka namba ya siri. Jina si lenyewe, anaacha. Bibi yangu asiyejua kusoma humwita mjukuu amsomee lile jina, ndipo abonyeze. Hawa wenye programu ya kuvuka bahari wameshindwa nini kuniletea jina hilo kabla ya kuchukua riali zangu? Wanachukua kwanza, wanakagua baadaye, halafu wananiletea tiki ya kijani. Tiki ya nini?

Kuna shemeji hapa amesomea mambo ya benki akanieleza, hasira ikapanda zaidi. Anasema hela haisafiri, kinachosafiri ni ujumbe. Kampuni ya huku inachukua riali zangu, inamtumia ujumbe mshirika wake Tanzania, na huyo tayari ana shilingi zilizowekwa kule mapema. Yeye ndiye anamwingizia mama. Kwa hiyo siku tisa hizi riali zangu wanazo, na shilingi za mama ziko kwenye akaunti ya mtu palepale nchini zimetulia. Hakuna kilichopotea wala kukwama. Kilichokosekana ni mtu wa kunyanyua simu.

Tuje kwenye "ada sifuri", maana huku ndiko nilikoibiwa nikiwa nacheka. Riali ya Oman imefungwa kwenye dola, na tangu 1986 riali moja ni dola 2.6, haipandi wala haishuki. Hesabu yake haihitaji chuo. Siku ile bei ya Benki Kuu dola ilikuwa 2,480. Zidisha, riali moja ni 6,448. Wao walinipa 6,120. Tofauti shilingi 328 kwa kila riali, mara 60, ni 19,680. Hiyo ndiyo sifuri yao.

Mwenzangu alituma Ruwi siku ileile. Kaunta walimpa 6,390 wakamkata ada riali moja na nusu. Ningetuma kule, tofauti ya bei pamoja na ada wangenila kama 13,000. Wenye ada ni nafuu kuliko wasio na ada! Na mimi kwa ujuha wangu niliwashawishi dada wawili wa mtaa huu wajiunge, tukapewa na zawadi ya riali moja ya kualika rafiki. Naona aibu mpaka leo.

Hapo hela haijatolewa. Mama 367,200 akizitoa kwa mkupuo anakatwa zaidi ya elfu sita, ndiyo maana wote tunajua ule wimbo wa "tuma na ya kutolea". Na hatoi kwa mkupuo, kwa sababu wakala wa pale kwetu hana floti, yaani hela ya kutosha ya kuwapa watu. Anampa laki mbili, anamwambia bibi rudi kesho. Akirudi kesho, makato upya. Mwenye mguu mbovu anapanda bodaboda mara mbili kwa hela moja. Zile kelele tulizopiga Julai 2021 tozo ya miamala ilipoanza mnazikumbuka, Septemba yake serikali ikapunguza asilimia 30. Tozo ilipigiwa kelele kwa sababu ilionekana kwenye ujumbe wa simu. Hii ya kwenye bei ya kubadilisha hela haina ujumbe, nani atapiga kelele?

Jumla, bila kuhesabu bodaboda, karibu asilimia 7 ya jasho langu haikumfikia mama. Umoja wa Mataifa umejiwekea lengo gharama hizi ziwe chini ya asilimia 3 ifikapo 2030. Takwimu za Benki ya Dunia kila zikitoka, Afrika yetu hii ya kusini mwa Sahara ndiyo ghali kuliko kanda zote, na kutuma kutoka Tanzania kwenda kwa jirani Kenya au Uganda kumekuwa kwenye orodha ya njia ghali kabisa. Jirani wa kupiga mbizi tu!

Halafu nikafanya kosa la pili, nikalalamika kwenye ukurasa wao wa Facebook. Dakika kumi hazijaisha, "huduma kwa wateja" watatu wako inboksi, nembo ileile, Kiswahili cha "ile hela tuma kwa namba hii". Mmoja anataka namba ya siri ya mama ili "aifungue hela". Matapeli wanajibu haraka kuliko kampuni. Tena kwa adabu.

Sijataja jina la kampuni, msinilazimishe, nina mkataba wa watu na sitaki kesi.

NYONGEZA, Alhamisi:

Ahsanteni kwa dua, mama anaendelea vizuri. Ndugu wa kanisani walichanga wakampeleka Bombo siku nne kabla hela haijafika. Mimi Muislamu, wao jirani zetu, Mungu awalipe.

Hela imeingia jana usiku, siku ya 13. Hakuna aliyeniambia nini kimebadilika. Jina la laini ni lile lile la mjomba, mguu wa mama ni ule ule, hela ikaingia. Leo asubuhi programu imeniuliza niwape nyota ngapi.

Mnaonishauri hawala: naijua. Yuko mtu Ruwi, unampa riali asubuhi, adhuhuri mwenzake Tanga anampa mama shilingi mkononi, bei nzuri, wala hakuna "mpendwa mteja". Naogopa kwa sababu si halali, na akikimbia sina pa kushtaki. Ila niambieni, kwa hawa halali nimeshtaki wapi? Benki Kuu yetu ina dawati la malalamiko, nikaambiwa aliyechukua hela yangu ni kampuni ya Oman. Ya huku wanasema kwa upande wetu imekamilika.

Na ndugu uliyeandika kutoka Marekani kuhusu ile asilimia 1 mnayokatwa tangu Januari 2026 mkituma kwa taslimu, pole sana. Lakini yenu imeandikwa kwenye sheria, unaiona. Yangu nimeitafuta kwa kikokotoo.

Kesho Ijumaa nakwenda Ruwi kaunta. Nitapanga foleni na Wabangladeshi na Wapakistani, nitalipa ada yangu nikiiona kwenye karatasi, na karatasi nitaiweka kwenye begi. Sasa naomba msaada wa jambo moja: mama ameshapata namba ya NIDA, anataka laini iwe kwa jina lake bila kupoteza namba. Mjomba yuko Handeni na hana nauli. Je, ni lazima waende wote wawili ofisi za mtandao, au kuna njia nyingine? Aliyewahi kufanya aniandikie hapa hapa, inboksi sifungui tena.