Taasisi za utafiti zinamfikiaje mtu wa kijijini?

Mjumbe wa kamati ya shule, Singida: Wakuu, naombeni msaada. Watoto wengi wa darasa la tatu hapa kwetu hawajui kusoma, lakini tukisema wilayani tunaambiwa "leteni takwimu". Hizi taasisi huru za utafiti kama REPOA na Twaweza zinatusikia sisi, au ni za semina za Dar tu?

Mdodosaji: Ndugu yangu, nimedodosa vijijini miaka mingi. Twaweza ilipoanzisha Sauti za Wananchi, utafiti wa maoni kwa njia ya simu, kaya zilichaguliwa kwa bahati nasibu, zikapewa simu na chaja ya sola, kisha zikawa zinapigiwa mara kwa mara. Bila ile sola, wasio na umeme wangepotea kwenye takwimu! Kwa hoja yako tazama Uwezo, utafiti unaopima kama watoto wanajua kusoma na kuhesabu: mtoto hupimwa nyumbani kwa zoezi la kiwango cha darasa la pili, hivyo hata asiyekwenda shule anahesabiwa.

Msomaji wa Moro: Uhuru wa taasisi hizi una gharama. Mwaka 2018 Twaweza walionyesha kukubalika kwa Rais wa wakati huo, Magufuli, kumeshuka hadi asilimia 55. COSTECH, tume ya serikali inayotoa vibali vya utafiti, wakawaandikia kuhusu kibali, na mkurugenzi wa Twaweza akanyang'anywa pasipoti.

Mjumbe wa kamati ya shule, Singida: Inauma. Je, kamati yetu inaweza kupima vivyo hivyo, nyumba kwa nyumba?

Mdodosaji: Mnaweza, mradi kaya zichaguliwe kwa bahati nasibu, msianze na za wajumbe. Na wasomeeni wazazi matokeo kabla hamjaenda wilayani.