Utingo wa 502 kaniambia niende kwa miguu na pweza wangu

Jamani nimefika nyumbani sasa hivi, hata buibui sijavua, mikono inatetemeka. Mnamjua. Yule wa 502, daladala ya Bububu hapa Unguja, wa ile Koasta yenye boksi badala ya kioo cha nyuma. Mwembamba, sauti kama king'ora. Huyo huyo.

Nimetoka Darajani na pweza wangu kwenye pakacha, kilo mbili, nikatembea mpaka Kijangwani, nikapanda. Nimesimama shingo imepinda, goti la mtu ubavuni, tumebanwa mpaka pumzi tunapeana zamu. Sikusema kitu. Kufika Mtoni kagonga bodi: "Mwisho hapa, shukeni, tunageuza!" Mwisho vipi na kibao kimeandikwa Bububu? Nikamwambia mwanangu, nimekupa elfu mbili, nipe chenji yangu nipande gari nyengine. Kaniangalia, kaliangalia pakacha, mbele ya watu wote akasema: "Bibi, pweza ana miguu minane. Shuka mwende naye kwa miguu."

Gari nzima ikacheka! Mtu mzima mie, nina wajukuu watano! Shikamoo hakunipa, chenji hakunipa, kanipa hesabu ya miguu ya pweza! Nimekaa juani Mtoni mpaka pweza akataka kuiva mwenyewe. Gari nne zimepita, watu wananing'inia mlangoni.

Na msinambie subira. Sensa ya 2012 Mjini Magharibi tulikuwa 593,678, ya 2022 tukawa 893,169. Laki tatu wameongezeka, na wallahi wote wanapanda 502 saa kumi jioni. Stendi tumejengewa nzuri, sikatai, lakini stendi haimfikishi mtu Bububu. "Mwende naye kwa miguu." Mie!

siti_ya_nyuma: Nilikuwemo. Nisamehe bibi, na mie nilicheka. Lakini huyo ndiye anayewafungia mlango watoto wa skuli Beit el-Ras, kisa nauli yao ndogo. Juzi kawaacha na mvua, mabegi kichwani.

mtoto_wa_fuoni: Pweza ndani ya Koasta ambayo madirisha hayafunguki? Mie nilipakwa maji ya samaki kwenye kanzu nyeupe, nakwenda msibani. Sisi nani atatusemea?

mama_wa_bububu: Pweza wa asubuhi hanuki! Tena simzungumzii pweza, nasema Mtoni si Bububu! Miguu minane, kaniambia, mbele za watu!

mtoto_wa_fuoni: Sasa si kweli anayo minane?

usukani_miaka20: Mnamlaumu utingo tu. Gari ina tajiri, na tajiri anataka hesabu yake kila jioni, abiria wawepo wasiwepo. Mtoni watu wamejaa wanaokwenda mjini. Bububu saa hizo unarudi na siti tupu na mafuta yako. Ndiyo maana wanakata ruti. Dereva apewe mshahara, gari iondoke kwa saa, muone kama kuna mtu atageuza Mtoni. Bila hivyo mtashushwa hadi kiama.

siti_ya_nyuma: Na mkishachoka mnahamia bodaboda, siku ya pili mguu kwenye plasta.

kizee_cha_kibweni: Nyinyi watoto hamjui. Bububu ilikuwa na treni! Imeanza 1905, ikitoka pale Ngome Kongwe mpaka Bububu. Wakaing'oa miaka ya 1920. Treni ilikuwa haigeuzi Mtoni, reli haina pa kukatia kona. Leo tunagombania mlango wa Koasta kama kuku.

mpemba_wa_mkoani: Mna raha nyie, mna gari ya kushushwa. Sisi meli ikishafika, daladala yetu ya 603 imejaa magunia na ndoo kabla mtu hajatia mguu. Unakaa na mizigo yako unasubiri hiyo ya Chake irudi. Mwezi uliopita nilikaa mpaka adhuhuri na mtoto ana homa.

mtoto_wa_fuoni: Pemba tena? Uzi wa 502 huu.

mpemba_wa_mkoani: Ndiyo tabia yenu, Pemba tukisema mnatufunga mdomo.

siti_ya_nyuma: Bibi, pweza umeshampika lakini?

mama_wa_bububu: Yuko jikoni. Nazi na bamia.

kizee_cha_kibweni: Bamia kwenye pweza? Wapi huko wanapika hivyo?