Mtaro umechimbwa maji yanasimama katikati, mnatumia kifaa gani kupata mteremko sawa?

kivule_juu:
Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada kabla sijagombana na fundi wa watu. Niko Kivule, nimechimbisha mtaro wa kutoa maji ya mvua kutoka kona ya jikoni mpaka kwenye mtaro wa barabarani, urefu mita 32 nimepima kwa tepu mwenyewe. Uwanja wangu umelala, hauna mteremko wa kuuona kwa macho, ndo maana nikataka mtu anayejua. Fundi kaja na jembe, chepe na sururu, siku mbili kamaliza, hajaweka uzi wala nini, kila nikimuuliza anasema mi hii kazi nafanya kwa jicho mwaka wa ngapi huu.

Mvua ya kwanza ya vuli imepiga usiku mmoja tu, asubuhi naamka maji yamekaa katikati ya mtaro kama bwawa la kambale, pale mdomoni barabarani pakavu kabisa. Siku ya nne viluwiluwi vya mbu hivyo vinacheza. Nimempigia simu ananiambia maji bado hayajaizoea njia, nisubiri. Kweli wakuu maji yanazoea njia??

Nataka kabla sijajengea tofali na kupiga plasta nijue nichimbe upya kwa kifaa gani. Dukani wameniambia ninunue pima maji (ile yenye kiputo ndani), jirani anasema leza, shemeji yangu anasema nitafute sevea (mpima ardhi) kabisa. Sina hela ya mashine. Nawasilisha.

dogo_wa_saiti:
"maji bado hayajaizoea njia" 😂😂😂 huyo fundi aende siasa

bomba_na_chemba:
Mkuu pole. Mi kazi yangu ni mabomba na machemba hapa Dar, nachimba mitaro kila wiki, nikwambie ukweli jicho linadanganya hata kwa mzoefu, hasa uwanja ukiwa umelala kama wako, ukuta wa jirani ukiwa umepinda kidogo tu au fensi inapanda basi jicho linafuata fensi. Usinunue kitu cha gharama. Nunua mpira wa levo, ule mpira mwembamba unaoona ndani, uwe mrefu kuliko mtaro, kwako chukua mita 40. Hicho ndo kifaa changu miaka yote na sijawahi kurudishwa saiti kwa sababu ya mteremko.

Kabla ya kugusa jembe tena swali la kwanza ni je una kushuka kiasi gani? Maana usije ukalaumu fundi kumbe mtaro wa barabara uko juu kuliko jiko lako. Piga pegi jikoni, piga pegi mdomoni. Jaza mpira maji kutoka ndoo iliyowekwa juu ya stuli, yaingie taratibu mpaka usione kiputo hata kimoja, kiputo kikibaki ndani levo yote ni uongo. Mi naweka bluu ya nguo kidogo maji yaonekane vizuri. Mmoja ashike ncha ya jikoni, mwingine mdomoni, mkiwa mnatembea mnaziba kwa kidole gumba, mkifika wote mnaachia, maji yakitulia hapo ndo sawasawa, chora alama kwenye pegi zote mbili. Sasa kutoka kwenye alama pima kwenda chini mpaka sakafu ya mtaro kila upande. Tofauti ya hivyo vipimo viwili ndo kushuka kwako.

Mtaro wa maji ya mvua mi napenda sentimita 1 kila mita, yaani kwako ingekuwa sentimita 32 jumla. Ukipungukiwa kidogo siyo mwisho wa dunia kama utapiga plasta laini, ila mtaro wa udongo mtupu wenye majani ukiwa na mteremko mdogo utajaa mchanga kila masika utachoka kuzibua. Na bomba la maji taka la inchi 4 hilo ni jambo lingine, pale nashuka sentimita 2 na nusu kila mita, usichanganye.

Ukishajua kushuka, funga uzi wa nailoni kwenye zile pegi ukiwa umeshaushusha kwa kiasi hichohicho, yaani uzi wenyewe ndo unakuwa na mteremko, na uwe juu ya sakafu ya mtaro kwa kipimo kimoja mwanzo mpaka mwisho, tuseme sentimita 60. Kata kijiti cha sentimita 60. Kila nusu mita unasimamisha kijiti, kikigusa uzi poa, kikiusukuma juu chimba, kikiwa hakifiki umeshazidisha. Hapo hata mtoto wa darasa la tano anachimba mtaro wako.

mama_J_tabata:
Samahani fundi naomba niulize, uzi mita 32 si unalegea katikati? Sisi tulifunga wakati tunajenga ukuta nikaona umebinuka chini kama kamba ya kuanikia nguo.

bomba_na_chemba:
@mama_J_tabata umeona mbali dada yangu, hapo ndo wengi wanaharibu. Uzi ukilegea sentimita 3 na sakafu ya mtaro inalegea nao, unapata tumbo palepale katikati. Unapiga pegi za kati kila mita 4, na kila pegi unaipa levo yake kwa mpira halafu unashusha hesabu, mita 4 sentimita 4, mita 8 sentimita 8, hivyo hivyo. Uzi unapumzika kwenye msumari wa kila pegi. Na usiache uzi umefungwa usiku, watoto na kuku.

pimamaji_tu:
Nampinga kidogo fundi hapo juu, mpira unataka watu wawili na mtu mwenye haraka atakosea tu. Mi nilichimba peke yangu kwangu Mbagala na pima maji. Unachukua mbao ya mita 2 iliyonyooka, chungulia ncha yake kama unalenga manati uhakikishe haijapinda, halafu chini ya ncha moja unapigilia kipande cha mbao unene wa sentimita 2. Juu unaweka pima maji. Kwa hiyo kiputo kikikaa katikati maana yake sakafu imeshuka sentimita 2 ndani ya mita 2, ambayo ndo ile moja kwa mita moja. Unasogea nayo mtaro mzima huku unachimba. Hamna uzi hamna pegi hamna kumuita mtu.

Kipande kinakaa upande wa KUSHUKIA. Andika kwa mkaa kabisa "BARABARANI". Mimi dogo aliyekuwa ananisaidia aliigeuza nilivyoenda kula, narudi ameshachimba mita sita zinarudi nyumbani, vizuri kabisa, zimenyooka balaa, ila zinaleta maji jikoni.

Na pima maji yenyewe ikague kabla hujaiamini, za bei rahisi zina tabia. Iweke mezani uangalie kiputo, igeuze kichwa mkia palepale, kiputo kikihama sehemu basi irudishe dukani.

bomba_na_chemba:
@pimamaji_tu kaka njia yako si mbaya kwa mtaro mfupi. Ila mita 32 unaihamisha mbao mara 16, kila mara ukikosea milimita 2 tu upande mmoja, mwisho unafika mdomoni umepotea sentimita 3 na ushee. Na jumla ya kushuka kwake hata haijulikani bado, je ni 15? ni 40? Mbao yako imeshaamua ni 32, akifika barabarani anajikuta yuko chini ya mtaro wa serikali. Ndo maana mi nasema anza na ncha mbili.

pimamaji_tu:
Hapo kwenye ncha mbili nimekubali. Mbao naiacha kwa kumalizia.

levo_ya_leza:
Hii dunia ya leo mnahangaika na bluu ya nguo. Nunueni leza jamani, unaweka kwenye tripodi unawasha kazi imeisha.

bomba_na_chemba:
Leza gani sasa mkuu, ile ya mafundi vigae? Saa sita mchana jua la Dar hilo mstari huuoni labda uwe na risiva, kile kidude cha kunasa mwanga wa leza. Na ile inatoa mstari uliolala sawa, haitoi mteremko, kuna zile kubwa za kuzunguka ndo unaziwekea asilimia na zinakuja na risiva yake, hiyo ni ya kampuni ya barabara siyo ya mtaro wa jikoni.

levo_ya_leza:
Sawa ni ya vigae 😅 lakini inafanya kazi, mi natumia saa kumi na mbili na nusu jioni giza likianza kuingia. Mstari unakaa uleule, unachobadilisha ni kipimo. Nina fimbo nimechora sentimita, jikoni mstari unagusa 80, mita moja mbele lazima uguse 81, mbele tena 82. Namba inaongezeka kwa sababu sakafu inashuka. Ukipata 80 tena hapo hujashuka. Shida ni mbu tu muda huo.

Mzee_wa_T:
Vijana shikamooni mnajua nyinyi 😀 Mimi zamani nilikuwa kibarua kwenye barabara, hatukuwa na leza wala mpira, tulikuwa na T tatu za mbao. Msimamo wa futi nne, juu mbao ya kulala, zote tatu urefu mmoja kamili, mnazisimamisha pamoja mnahakikisha. Moja inasimama mwanzo wa mtaro kwenye sakafu iliyo sahihi, moja mwisho, mwenye jicho zuri anachuchumaa nyuma ya T ya kwanza anaangalia ya mwisho, ya tatu inatembea katikati ndani ya mtaro. Ikitokeza juu ya mstari anapiga kelele "chimba", ikizama "umezidisha wewe". Jicho halilegei kama uzi. Tulikuwa tunapiga mita 50 kwa mara moja. Hata huyo fundi wako alipenda jicho, sema hakulisaidia kwa T.

Lakini niongeze kitu hakuna aliyesema, kifaa cha kuchimbia nacho kinaharibu. Jembe linaingia chini kuliko unavyotaka, na udongo ukishautibua hata ukiurudisha ni laini, mvua ikija unazama palepale. Sururu na jembe ni kwa kazi ya juu. Sentimita 5 za mwisho ziache, zimalizie kwa chepe la mdomo bapa, unakwangua siyo unachota, chepe la mdomo wa duara linaacha vibakuli vibakuli. Na anza kuchimba kutoka mdomoni kwenda nyumbani, siyo nyumbani kwenda mdomoni, ili mvua ikikukuta katikati ya kazi maji yanajitokea yenyewe.

kivule_juu:
Marahaba wote, shikamoo mzee. Aisee nimejifunza kuliko nilivyolipia. Jumamosi hii nakodi mpira kwa jamaa wa hapa mtaani nije na namba.

mama_J_tabata:
Ukienda kupima angalia na huo mtaro wa barabarani masika unajaa mpaka wapi, sisi mdomo wetu tuliuweka sawasawa na sakafu ya mtaro wa mtaa, ukijaa maji ya mtaa mzima yanapanda kwetu na mifuko ya nailoni juu. Tumekuja kuunyanyua baadaye kwa gharama nyingine.

kivule_juu:
Wakuu nimerudi. Nimepima na mdogo wangu, mara ya kwanza kulikuwa na kiputo tukapata majibu ya ajabu eti barabara iko juu ya jiko kwa sentimita 11, nikataka kulia. Tukamwaga maji tukajaza upya taratibu. Namba za kweli ni hizi: mdomo uko chini ya sakafu ya mtaro pale jikoni kwa sentimita 24, na hapo bado niko juu ya sakafu ya mtaro wa barabara kiganja kizima kama alivyosema mama J. Kwa hiyo 24 gawa kwa 32 napata milimita 7 na nusu kila mita.

Sasa mita ya 16, katikati kabisa, ilitakiwa iwe imeshuka 12, imeshuka 21!! Halafu mita ya 22 ilitakiwa 16 na nusu, iko 12 tu. Kwa hiyo maji yanalazimika kujaa sentimita 9 ndo yavuke pale. Nikajiuliza kwa nini pale papande, nikakwangua kidogo na chepe, nikakuta mzizi wa mwembe mnene kama mkono wangu umelala kukatisha mtaro. Jamaa alifika kwenye mzizi akaurukia juu akaufunika na udongo akaendelea na safari yake.

bomba_na_chemba:
Hahaha mwembe ndo mhandisi. Kata mzizi mkuu, upate upana wa kutosha pande zote mbili, na milimita 7 na nusu kwa plasta safi inatosha, usijali. Pale katikati palipozidi usirudishe udongo uleule uliotibuliwa, mwaga kifusi cha kokoto na mchanga, mwagia maji, shindilia kwa tabaka, halafu kijiti na uzi tena kabla ya tofali. Na unapojenga usiuondoe uzi, fundi tofali naye ana jicho lake.

Mzee_wa_T:
Mzizi ukatwe kwa shoka siyo kwa sururu, unatikisa udongo wote wa pembeni. Na uangalie mwembe wenyewe, ukikata mzizi mnene upande mmoja usikate na wa upande wa pili mwaka huo huo.

dogo_wa_saiti:
fundi anasemaje sasa

kivule_juu:
Nimemtumia picha ya mzizi WhatsApp. Amejibu kwamba siku anachimba haukuwepo.