Shifti kiti kwenye gia boksi ya oto: imekusaidia au imekuharibia? Tupeane uzoefu, hasa wa Kigoma na Tabora

Surf ya Ipuli
Wakuu, kwema? Jana nilipewa lifti na jirani hapa Ipuli, ana Hilux Surf yenye injini ya dizeli ya 1KZ kama yangu. Anatoka gia ya kwanza kwenda ya pili, mgongo ukagonga siti. Nikamwambia pole, gia boksi inakufa hiyo. Akasema hapana, amefunga shifti kiti (kiti ya vipuri vya kubadili gia, si kiti cha kukalia), sasa gari inashika.

Ya kwangu ni kinyume. Inabadili kwa kujivuta, na nikibeba mbolea kwenda shambani Sikonge, kwenye mchanga injini inanguruma kwanza ndipo gia ya tatu inaingia. Fundi ameniambia nami nifunge shifti kiti, laki sita pamoja na kazi. Kabla sijatoa hela, waliofunga waseme ukweli.

Mkazi wa Cheyo
Nafuatilia. Prado yangu nayo tatu inaingia kwa kubembelezwa.

Fundi wa Gungu
Mkuu, tuelewane kwanza ni kitu gani. Ni kipakiti kidogo: springi ngumu zaidi, vivalvu, vigololi, na pengine bati jipya lenye vitundu vikubwa kuliko vya kiwandani. Unamwaga oili, unashusha sampu, lile bakuli la oili la chini, unatoa valvu bodi inayogawa oili kwenye klachi, unabadilisha hivyo vitu, unarudisha. Pleti za klachi huzigusi kabisa. Hapo ndipo wengi wanapodanganywa.

Kazi yake ni kufikisha oili kwenye klachi haraka na kwa presha kubwa. Pleti zikibanana upesi hazitelezi muda mrefu, na zisipoteleza hazipati moto. Kwa gari ya mizigo hiyo ni faida kweli. Kiwanda kiliacha zitelezee kidogo kwa makusudi, ndiyo maana kuna akyumuleta, kifaa cha kulainisha presha, mle ndani, ili abiria asisikie kishindo. Ukiondoa ule ulaini, kishindo kinahamia kwenye krosi za propela, maunti na difu.

Kwa hiyo gia boksi ambayo bado ni nzima inaweza kufaidika. Gia boksi ambayo pleti zimeshaungua, unaisukumia kaburini.

Babu Manyuali
Ndiyo maana mimi oto siigusi. Gari ni klachi na gia mkononi. Mlima wa kwenda Manyovu unapanda na oto kweli?

Fundi wa Gungu
Zinapanda kila siku mzee wangu. Mada siyo hiyo.

Baba Wawili, Kidahwe
Nimesoma hilo neno kaburini nikaweka simu chini kwanza. Ngoja niandike.

Nilikuwa na Prado ya 1KZ. Ilianza kuteleza, oili nyeusi, inanuka kama ugali ulioungulia sufuriani. Nikaenda kwa fundi, sitaji mji wala jina lake. Akasema gia boksi haina tatizo, inataka shifti kiti tu. Kiti chenyewe hakikuwa kamili, bati halikuwemo. Akachukua drili akatanua vitundu vya bati la zamani kwa kukadiria kwa macho. Nilisimama palepale namwangalia, nikaona mtu anajua kazi.

Wiki mbili gari ilikuwa moto wa kuotea mbali. Inagonga gia pa, pa, pa. Nikawasifia watu.

Mwezi uliofuata mke wangu alikuwa kwao Ilunde, uchungu ukamwanza usiku kabla ya siku zake. Enzi hizo kipande kile bado vumbi, na mvua ilikuwa imenyesha. Nimemchukua yeye na dada yake, tunakwenda Uvinza. Hatujamaliza hata nusu saa, taa ya A/T OIL TEMP, ya joto la oili ya gia boksi, ikawaka. Nikasema nitasimama mbele kidogo. Kukawa na tope refu, nikakanyaga, injini ikapiga kelele, gari ikasita, ikasimama. Naweka D, haiendi. 2, haiendi. L, haiendi. Harufu imejaa ndani mpaka mke wangu anatapika dirishani.

Nikajaribu R. Ikaingia. Gari ikarudi nyuma kama haina ugonjwa.

Wakuu, niligeuza gari kwa kuisukuma mimi na shemeji, matako yakaelekea Uvinza, nikaanza kwenda rivasi usiku ule. Shemeji amepiga magoti siti ya nyuma anamulika tochi ya simu kwenye kioo, ananiambia kulia, kushoto, shimo. Shingo ilinikakamaa siku tatu. Tumekwenda hivyo hadi tukakuta lori la mkaa limepumzika. Dereva hakuuliza bei. Alimshusha tingo wake akampakia mke wangu mbele.

Prado niliirudia kesho yake, tukaivuta kwa kamba hadi Kigoma. Fundi mwingine alipofungua sampu, chini kumejaa unga mweusi kama majani ya chai. Pleti za klachi ya kwenda mbele zimebaki chuma tupu.

Mama Lindaeli wa Ujiji
Jamani! Mama na mtoto?

Tingo Mstaafu
Tupe mwisho ndugu, tumebaki kwenye lori.

Mkazi wa Cheyo
Rivasi inaingiaje wakati D imekufa? Hiyo chumvi imezidi.

Fundi wa Gungu
Si chumvi. Kwenye hizo gia boksi klachi ya kwenda mbele inabeba gia zote za mbele. Rivasi inatumia klachi nyingine na breki iliyo mle ndani ya gia boksi, si breki ya matairi. Ya mbele ikiungua, rivasi inabaki. Nimeshapokea gari hapa zinaingia gereji kinyumenyume.

Baba Wawili, Kidahwe
Mtoto wa kike, saa kumi alfajiri, Uvinza. Yuko darasa la tatu sasa. Asanteni.

Dereva wa Kaliua
Pole sana kaka. Ila hapo pa kuvuta kwa kamba ulimalizia mwenyewe. Oto haivutwi matairi yanayoendesha yakiwa chini. Injini ikizima pampu haizunguki, hakuna oili inayopanda, vyuma vinasagana vikavu hadi Kigoma.

Tingo Mstaafu
Tumevuta oto ngapi kutoka Urambo na zimepona? Acha kutisha watu.

Dereva wa Kaliua
Zilipona au wenyewe hawakurudi kukuambia? Kwa 4x4 unaweka kile kigia kidogo cha 4x4 kwenye N, propela zinazunguka bila gia boksi. Au unapandisha kwenye karieji, lori la kubebea magari. Sibishani tena.

Cruiser ya Mawese
Mimi nipo upande wa pili. Land Cruiser 80, mwaka wa nne na valvu bodi iliyoongezewa presha. Jamaa wa Australia wanaovuta karavani wanafanya hivyo sana kwenye hizi gari, nikaiga. Natoa mawese vijijini naleta Mwanga ya hapa Kigoma, mzigo si wa kitoto. Pleti zilikuwa mpya, tulifanya ovahoo nzima kwanza ndipo tukafunga. Nikaongeza na kipozeo cha oili mbele ya rejeta, na hicho ndicho ninachokipenda kuliko kiti chenyewe, maana mlima wa Kasulu taa haijawahi kuwaka.

Gharama yake nayo niseme: krosi za propela nimebadili mara mbili, maunti ya gia boksi mara moja. Nimekubali.

Babu Manyuali
Krosi mbili, maunti, ovahoo. Klachi pleti yangu ni ya mwaka juzi.

Vitz ya Kiloleni
Naomba kuuliza, yangu ni ndogo ya CVT, kuna kiti chake?

Fundi wa Gungu
Hakuna. CVT ni mkanda na puli, haina gia za kubadili hivyo. Weka oili yake ya CVT, ile ya oto ya kawaida usiitie hata kwa bahati mbaya.

Mama Lindaeli wa Ujiji
Kaka wa Ipuli, usitoe laki sita bado. Surf yetu ilikuwa na ugonjwa huohuo kabisa, na nami nilishaambiwa nitafute kiti. Mzee mmoja Mwanga akafungua boneti, akamwambia kijana wangu akanyage mafuta mpaka mwisho, injini imezimwa. Kuna waya unatoka kwenye throto unashuka kwenye gia boksi. Kwenye waya kuna kishikizi kidogo kimebanwa. Pedali ikiwa chini kabisa, kutoka kishikizi hadi mwisho wa ule mpira unaofunika waya pasizidi milimita 1. Yetu ilikuwa inaingia kidole. Akakaza nati mbili kwa spana ya kumi na mbili, akakataa hela, akachukua soda.

Fundi wa Gungu
Huyu mama amenipokonya jibu. Ule waya ndio unaoiambia gia boksi umekanyaga kiasi gani. Ukilegea, presha inashuka na pleti zinateleza. Usikaze kupita kiasi, itagonga kama ya jirani yako. Gari za siku hizi hazina waya, usihangaike kuutafuta.

Dereva wa Kaliua
Na amwage oili yote aweke mpya.

Tingo Mstaafu
Asimwage! Oili ya zamani ikitoka gia boksi inakufa.

Fundi wa Gungu
Inakuwa imeshakufa, oili mpya inaonyesha tu. Apime ikiwa ya moto, injini inaunguruma, apitishe leva gia zote arudishe P, adondoshee karatasi nyeupe. Ikiwa kahawia abadilishe. Ikiwa nyeusi na inanuka, aniite kwanza.

Surf ya Ipuli
Nimerudi. Jana jioni mwanangu alikanyaga pedali, mimi na rula ya shule. Milimita tisa. Nimekaza hadi moja. Oili kwenye karatasi ni kahawia, harufu si ya kuungua. Leo nimekwenda Sikonge na mifuko kumi, tatu imeingia kabla ya mchanga, taratibu lakini bila kunguruma.

Hela bado ninayo. Cruiser ya Mawese, hicho kipozeo ulikipata wapi, na mabomba yake ni ya saizi gani?

Cruiser ya Mawese
Njoo PM nikutumie picha. Na ukishafunga, kagua klipu za mabomba baada ya wiki moja. Yangu moja ililegea ikanimwagia oili njia nzima hadi Kidahwe.